Bibi Harusi wa Sentimita Arobaini

Mmeuliza wote, na kila mmoja kwa njia yake. Wengine mmetuma picha za watu wanaocheka hadi machozi. Basi nitasimulia mara moja tu, kituo kwa kituo, kwa sababu safari ile niliiandika kwenye daftari na daftari ninalo. Ambaye hatasoma mpaka mwisho asiniulize tena.

Kwa walioingia kundini juzi: Celestine ni mwanasesere wa mitindo, wa aina wanayotengenezewa watu wazima ili wamtunze. Si wa watoto kumwogesha kwenye beseni. Mbunifu aliyemtengeneza hutoa wachache na kuvunja kalibu. Ana urefu wa sentimita arobaini, rangi yake ni nyeusi ya kweli, si ile kahawia ya kuogopa, na nywele zake zilipandikizwa kwa mkono, uzi baada ya uzi, hadi kiunoni. Anayekusanya hawa anajua kwamba nywele ndizo zinazomfanya awe yeye. Koti likipotea utalia, lakini utaendelea kuishi. Nywele zikiguswa na mkasi, umebaki na plastiki.

Kwa maonyesho yetu tulikubaliana kila mtu alete mwanasesere mmoja aliyevishwa na fundi wa hapa kwetu. Mmoja wenu, anajijua na anasoma hii, akanipeleka kwa Karanja.

Kitengela

Karanja ana kibanda cha shanga karibu na barabara kuu, upande ambao upepo unaleta vumbi lote la malori ya mawe. Aliniambia anashona mwenyewe. Nilimwona kwa macho yangu akishika sindano. Nikamwachia Celestine ndani ya sanduku lake, pamoja na karatasi ya maagizo. Mnajua sipendi kueleza kazi kwa mdomo. Miaka niliyoandika habari za mahakama ilinifunza kwamba lililosemwa linageuka na lililoandikwa linabaki. Karatasi ilisema hivi, na nakala ninayo: "Avalishwe kama bibi harusi wa Kimaasai. Afanyiwe kila kitu anachofanyiwa bibi harusi wa kweli. Usiruke hata kimoja."

Nilijisifu kwa ile sentensi ya mwisho.

Siku ya kumchukua, nilimkuta Karanja anakula mahindi ya kuchemsha. Hakuinuka. Aliniuliza kama nimekunywa chai, kisha akanionyesha mkufu ambao sikuuulizia. Nilimwacha amalize. Nikauliza Celestine yuko wapi.

"Hiyo doli iko safe, madam. Ilienda Kajiado kidogo."

"Ilienda na nani?"

"Kuna mama wa ngozi. Bibi harusi lazima avae ngozi, na mimi siko na ngozi."

"Ulisema unashona mwenyewe."

"Nashona, lakini si kila kitu. Mimi niko kama steji, madam. Mizigo inapita."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa kundi lina mchungaji. Alitafuna akinisikiliza vizuri kabisa, kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa. Halafu akaniandikia jina la duka la mama wa ngozi nyuma ya ile ile nakala yangu ya maagizo, kwa kalamu inayovuja.

Kajiado mjini

Sitaeleza nilivyofika. Nilifika saa nne na robo, nikiwa sijala, na duka lilikuwa limefungwa. Jirani anayeuza viatu vya tairi alisema mama wa ngozi ameenda kanisani kupanga viti na atarudi sasa hivi. Nimeandika kwenye daftari: "sasa hivi" ya Kajiado ilikuwa saa moja na dakika hamsini. Nilikula chapati mbili na maharagwe yenye chumvi ya kutosha ng'ombe mzima, na niliyala yote kwa hasira.

Mama wa ngozi alipokuja alikuwa mtu mzuri, jambo lililozidi kunikera, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mbaya. Alimkumbuka Celestine mara moja.

"Ile yenye macho ya kudharau? Ilikaa hapa siku mbili. Wateja wangu walikuja kuiangalia tu nywele."

Nikamuuliza nywele zilikuwaje.

"Ndefu, mama. Nilizifunga na kitambaa zisishike mafuta ya ngozi."

Hapo moyo wangu ulitulia kidogo. Nilimshukuru. Nikauliza basi yuko wapi. Akanieleza kwamba kazi yake ilikuwa kukata ngozi ya mwanakondoo, na ameikata, na baada ya hapo alimpeleka kwa mwenye kujua kazi ya bibi harusi, Mama Nashipae, Bisil. Alisema maneno hayo, mwenye kujua kazi ya bibi harusi, kwa heshima ambayo ningepaswa kuitilia maanani. Sikufanya hivyo. Nilikuwa nahesabu mikono ambayo Celestine amepita, na nilikuwa nimefika wa tatu.

Nambari ya simu ya Mama Nashipae ilikuwa haipatikani. Niliipiga mara kumi na moja.

Bisil

Bisil ilikuwa siku ya mnada wa mifugo, na hapa lazima niwaambie jambo linalonitia haya, maana nimeshasikia limefika kwenu likiwa limepotoshwa.

Nilimsimamisha mzee mmoja aliyekuwa amesimama na fahali mweusi, kwa kuwa alionekana mtulivu. Nilimsalimia vizuri. Nikamwambia natafuta mwanasesere aliyeletwa hapa na mtu wa Kajiado. Neno mwanasesere hakulijua. Ni kosa langu, huku watu wanasema doli, lakini nilikuwa nimechoka na Kiswahili changu kikichoka kinakuwa cha vitabuni. Akauliza mwana wa nani. Nikasema ni wangu. Akauliza amepotea lini. Nikasema tangu wiki mbili zilizopita. Akauliza anafananaje, nami nikajibu kama nilivyozoea kujibu: mweusi, nywele hadi kiunoni, ana doa dogo chini ya sikio la kushoto, hawezi kusimama bila kushikiliwa.

Mzee alimkabidhi jirani yake ile kamba ya fahali na kuita watu.

Ndani ya dakika chache nilikuwa nimezungukwa. Mwanamke mmoja alinishika mkono na kuniambia nikae chini. Mwingine aliniletea chai ya maziwa. Kijana wa pikipiki alijitolea kunipeleka kituo cha polisi bila malipo. Mtu akauliza mtoto ana umri gani, mwingine akajibu kwa niaba yangu kwamba kama hajasimama basi hajafika mwaka. Nilijaribu kueleza na sauti yangu haikupita. Mwishowe nikatoa simu na kuonyesha picha.

Mnada mzima ukainama juu ya simu yangu.

Mzee aliichukua simu, akaiweka mbali na macho, akaileta karibu. Akanitazama mimi, kisha viatu vyangu.

"Nimeacha ng'ombe yangu kwa hii?"

Walicheka wote. Walicheka hadi mwanamke wa chai akashika mgongo wa mbuzi asianguke. Nilitaka kuwakasirikia, na nilishindwa, kwa sababu dakika moja kabla walikuwa tayari kuzunguka nchi nzima kunitafutia mtoto. Hasira yangu ilirudi Kitengela ikamkalia Karanja.

Aliyenipeleka nyumbani kwa Mama Nashipae ni yule yule mzee, akitangulia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Jirani, msichana aliyekuwa anaanua nguo, alisema Mama Nashipae ameenda Illasit, kwa dada yake.

"Kufanya nini?"

"Kutayarisha bibi harusi. Wako wawili."

Nikadhani ukoo una harusi mbili. Niliandika "wawili" kwenye daftari na kuchora mstari chini yake, kama mtu mwenye akili, nikalifunga.

Illasit, kwa wale wasiotoka nje ya Kitengela, iko ng'ambo ya Loitokitok, mpakani. Kutoka Bisil ni kama kuambiwa kitabu chako kiko chumba cha pili halafu ukakuta chumba cha pili kiko wilaya nyingine. Mzee aliniuliza kama nitaenda. Nikasema nitaenda. Akatikisa kichwa, akaniambia neno la kwanza la huruma tangu tukutane: "Basi kula nyama kwanza." Tulikula. Ililetwa kwenye ubao, na chumvi pembeni, na hakuna aliyezungumza habari za doli.

Mashuru hadi Emali, na Emali hadi Loitokitok

Siku ya pili nilirudi Kajiado, nikashika barabara ya Mashuru. Njia ni nzuri, na sina la kulalamikia ila kundi la punda lililosimama katikati na kukataa kusonga hadi dereva akashuka kuwasukuma mmoja mmoja. Emali niliambiwa magari ya Loitokitok yameondoka na lijalo litajaa likijaa. Nilisubiri saa mbili na nusu. Nilikula embe bovu nikalirudisha, nikapewa lingine bovu.

Dereva mmoja wa lori alikuwa anarudisha makreti matupu ya nyanya kule Illasit. Anaitwa Mutua. Alikubali kunibeba mbele, kwa sharti nisiweke miguu juu ya dashibodi, kana kwamba nilionekana mtu wa kufanya hivyo. Akauliza naenda kwa nani. Sikutaka tena hadithi ya mwanasesere, nikamjibu kwa kifupi kwamba nafuata bibi harusi.

Kosa lingine. Mutua aliendesha kwa bidii, akipiga honi kwa kila mbuzi, akisema hawezi kuwa mtu aliyemchelewesha mgeni wa harusi. Alinisimulia harusi yake, ya dadake, na ile ambayo keki iliibiwa. Tulipokaribia Kimana aliuliza bibi harusi ni nani kwangu. Nilikuwa nimechoka kudanganya, nikamwambia ni doli.

Tulipita mashamba ya nyanya, watu wakifunga magunia ya vitunguu kando ya njia. Mlima ulikuwa umejifunika. Sikuwa na haja nao.

"Ya mtoto wako?"

"Yangu."

Kisha, kwa adabu kabisa: "Na ukienda kazini, inabaki na nani?"

Nilishuka Loitokitok nikatafuta pa kulala. Yeye aliendelea hadi Illasit na kuniambia asubuhi ya kesho kutwa atarudi na mzigo, nikitaka nimngoje njiani.

Illasit

Asubuhi ya tatu bodaboda ilinifikisha kwenye boma la dada yake Mama Nashipae kabla chai haijaiva. Turubai lilikuwa limeshasimamishwa, viti vya kanisa vimepangwa, na masufuria yalikuwa makubwa kiasi cha mtu kuoga ndani yake. Nilimwuliza mwanamke wa kwanza. Akanielekeza kwa kidevu.

Mama Nashipae ni mwanamke mwembamba, wa umri wa mama yangu mdogo, na miwani yake imefungwa kwa uzi wa shanga nyekundu. Aliniamkia "Takwenya", nikajibu "Iko", kwa kuwa hayo niliyajua. Nikamtajia jina langu. Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyepata wageni aliowatarajia.

"Ni wewe uliandika ile karatasi. Nimekungoja. Hiyo ni karatasi ya mtu anajua anataka nini."

Akaingia ndani, akatoka naye amemlaza juu ya mikono miwili.

Nitaeleza nilichoona kwa mpangilio, kwa kuwa ndivyo nilivyokiona. Kwanza ngozi: mwanakondoo laini, imepakwa mafuta na udongo mwekundu, imeshonwa pindoni kwa shanga ndogo kuliko mbegu za nyanya. Kisha mikufu, bapa juu ya bapa, nyeupe, nyekundu, buluu, ikitoka shingoni hadi mabegani, kila duara sawasawa. Bangili za waya. Hereni ndefu. Sijawahi kuona kazi kama ile kwenye mwanasesere yeyote, wa kwetu au wa ng'ambo, na hilo nitalisema hata mahakamani.

Kisha kichwa. Kilikuwa kimenyolewa. Kimenyolewa kabisa, kikapakwa mafuta, kinang'aa.

Sikumbuki nilisema nini kwanza. Najua nilisema kwa sauti, kwa sababu waliokuwa wanamenya viazi waliacha. Nilisema ameharibiwa. Nilisema nywele zile zilipandwa moja moja na mtu aliyeinama juu yake wiki nzima. Nilisema hakuna aliyemwambia amnyoe. Mama Nashipae alinisikiliza, na uso wake ukajifunga polepole. Akatoa karatasi yangu kwenye fundo la lesso, ikiwa imekunjwa mara nne. Mjukuu wake alikuwa amemsomea mara nyingi hadi ameishika kwa moyo.

"Si uliandika kila kitu? Uliandika usiruke hata kimoja."

"Niliandika nguo."

"Hapana. Uliandika afanyiwe." Akaniwekea kidole kwenye neno lenyewe, ingawa hajui kusoma. "Sasa niambie, mama. Bibi harusi ya nywele umeiona wapi?"

Nilitafuta mtu wa kumkasirikia. Karanja alikuwa mbali, mama wa ngozi alikuwa amezifunga nywele kwa kitambaa, na mwanamke huyu alikuwa ametekeleza agizo langu vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kusoma maandishi yangu. Nikabaki mimi na sentensi yangu. Hasira inayokosa mahali pa kukaa ni mbaya.

Wakati huo bibi harusi mwingine akatoka kuona kelele ni za nini. Nikaelewa ule "wawili" niliouchorea mstari. Ni binti wa dada yake Mama Nashipae, mwalimu wa shule ya msingi, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa na kupakwa mafuta vile vile. Wenzake, alinieleza baadaye, wanakataa. Wanataka wigi kwa sababu ya picha. Mama Nashipae alikuwa amehuzunika, akidhani na yeye atakataa.

"Mimi ndio nilisema aninyoe," alisema. "Tulinyolewa siku moja, na doli yako. Mimi wa kwanza, yeye wa pili. Mimi nililia. Yeye hakulia."

Alicheka, na Mama Nashipae akacheka kidogo, bila kunitazama. Kisha akaingia ndani tena na kuniletea mfuko wa kaki wa sukari. Ndani yake zilikuwamo nywele za Celestine, zimesukwa pamoja, zimefungwa uzi ncha zote mbili.

"Sikutupa. Hizi ni za duka, nilijua utauliza."

Nilikaa kwa ajili ya harusi kwa sababu Mutua hangerudi hadi kesho yake. Nilikula pilau na nyama, nikanywa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, na kila mgeni aliyepita alioneshwa doli na mwenye doli, kwa utaratibu huo. Mwalimu alipoondoka, baba yake alimbariki kwa maziwa, naye akatembea kutoka langoni bila kugeuza shingo. Bibi harusi hatazami nyuma, waliniambia. Alikwenda hivyo hadi garini, akiwa na kamasi na machozi, na hakuna aliyempa kitambaa.

Kurudi

Asubuhi Mama Nashipae alinifungia Celestine mwenyewe. Sanduku alilikataa. Alisema bibi harusi hafungwi kwenye boksi. Alinipa kiondo, akamsimamisha ndani yake, uso mbele, akanionya nisimgeuze hadi nimefika kwangu. Nilikuwa bado nimekasirika. Nataka mjue hilo, kwa sababu mmoja wenu ameandika kwamba nilirudi nimelainika. Nilichukua kiondo nikaondoka. Nilikuwa nimeshafika barabarani aliponiita.

"Huko kwako kuna wanawake?"

Nikauliza wanawake wa nini.

"Wa kumtukana. Bibi harusi akifika, wanawake wa huko wanamtukana kwanza. Wanasema ni mbaya, amekuja kufanya nini, kichwa yake ni kama nini. Ndio azoee. Wasipomtukana haijaisha, na wewe uliandika nisiruke. Hiyo imebaki, siwezi kuifanya nikiwa hapa."

Mutua alinibeba hadi Emali, nyuma yetu nyanya zikinukia vizuri. Nilikuwa nimekiweka kiondo magotini. Tulipopita Kimana alimtazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa dereva.

"Sasa huyu ameolewa," akasema, na hakuuliza anabaki na nani.

Emali nilibadilisha gari. Konda alikiweka kiondo kwenye kiti huku uso umeelekea tulikotoka. Nilikuwa nimeshakaa. Niliinuka mbele ya watu wote, nikakigeuza.

Nilifika Kitengela saa tisa alasiri, nikapita kibanda cha Karanja bila kusimama, kwa kuwa nilijua nikisimama nitaandikwa magazetini. Nikamweka Celestine mezani, nikapiga picha moja, nikaituma kundini bila maelezo.

Mnajua mlichoandika. Mmoja alisema ni yai lililovaa shanga. Mmoja akauliza kama ana chawa. Mmoja, mwenye wanasesere sita na wote wako kwenye maboksi, alisema hata bure hamtaki. Mchungaji alituma kicheko. Aliyenipeleka kwa Karanja amejitolea kunitafutia fundi wa kupandikiza nywele upya, na namshukuru. Asihangaike. Nywele ziko kwenye mfuko wa sukari, ndani ya droo, na zitabaki humo. Jumamosi Celestine atakuja kwenye maonyesho kama alivyo.

Nilisoma matusi yenu yote, moja baada ya jingine, nikahesabu. Kisha nikampigia Mama Nashipae. Safari hii simu ilipatikana.

Nikamwambia wanawake wapo.